Ndege za mitumba: Bei poa, saa za kuruka ndizo ghali

KATIKA vijiji vilivyo chini ya Mlima Hanang, Jorodom ikiwamo, neno mitumba lina heshima yake. Matrekta mengi yanayolima mashamba ya ngano na mahindi kati ya Katesh na Basotu yalinunuliwa yakiwa yamekwishatumika kwingine. Mengi yanafanya kazi mpaka leo kwa sababu fundi yupo, spea zipo Babati au Arusha, na likizimika shambani halimwui mtu.

Ndiyo maana wazo la kununua ndege ndogo iliyotumika halishangazi tena likitajwa na wakulima wakubwa, vikundi vya wawekezaji au marafiki wa hospitali za vijijini. Kwenye matangazo ya Marekani na Afrika Kusini, Cessna ya viti sita ya miaka ya 1970 inaweza kuuzwa kwa fedha isiyofikia ya mashine mpya kubwa ya kuvunia ngano. Mtu anajiuliza: kama niliweza lile, hili litanishinda nini?

Linaloshinda wengi si bei ya kununulia. Ni hesabu ya saa.

Mahitaji yenyewe ni ya kweli. Hospitali ya Kilutheri Haydom, wilayani Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955 mahali ambapo barabara ilikuwa ya kubahatisha, na kwa miaka mingi ndege ndogo za shirika la MAF zimetua pale na kusaidia kupeleka wauguzi kwenye kliniki za kinamama na watoto. Kutoka Arusha, Flying Medical Service imekuwa ikirusha Cessna 206 kwenda vijiji vya wafugaji tangu miaka ya 1980. Na wakazi wa Katesh, Gendabi na Jorodom hawajasahau Desemba 3, 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka mlimani, yakaua zaidi ya watu 80 na kufunga barabara.

Kwa mkulima, hoja kubwa ni kwelea kwelea. Ndege huyu mdogo anakadiriwa kula gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja, ambalo kwa kwelea kwelea si kundi kubwa, linamaliza tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia, kila siku inayopita. Watoto wenye makopo na kombeo hawawezi kulinda ekari mia mbili za ngano inayojaza punje.

Je, suluhisho ni mtu wa Hanang kumiliki ndege yake?

Mlima, joto na nguvu ya injini

Kabla ya fedha, kuna fizikia. Katesh na Haydom ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, sawa na futi 5,600 hivi. Katika mwinuko huo hewa ya kawaida inapaswa kuwa na joto la nyuzi 4. Mchana wa kiangazi joto linafika nyuzi 28 bila taabu. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo ndege inajiona kama iko juu zaidi ya ilipo. Ukipiga hesabu wanayoitumia marubani, ya kuongeza futi 120 kwa kila nyuzi moja iliyozidi, utakuta ndege iliyosimama chini kabisa kwenye kiwanja cha Hanang inafanya kazi kana kwamba iko futi 8,500 angani.

Injini ya kawaida isiyo na taboo hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu kwa kila futi 1,000. Maana yake, injini yenye nguvu ya farasi 300 iliyoandikwa kwenye tangazo inaingia Hanang ikiwa na farasi 225 hivi. Propela nayo inashika hewa nyepesi, na mabawa vilevile. Kiwanja kilichotosha pale Bagamoyo hakitoshi hapa, na mzigo uliobebeka Tanga itabidi upunguzwe.

Hapa ndipo mnunuzi anapokosea mapema. Cessna 172, ndege ndogo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani, zaidi ya 44,000 tangu mwaka 1956, ni rahisi kununua na rahisi kutunza. Lakini nyingi zina injini za farasi 145 hadi 180. Kwa mwanafunzi wa urubani ni mwalimu mzuri. Kwa kutoa mgonjwa, muuguzi na mtungi wa oksijeni kwenye kiwanja cha vumbi chenye mwinuko huu saa nane mchana, ni mtego.

Cessna 206 ndiyo iliyozoeleka kwa kazi hizi, na si kwa bahati. Ina mlango mkubwa wa mizigo, magurudumu yasiyokunjwa, na uzito wa kuruka wa kilo 1,633. Ile yenye taboo huhifadhi nguvu zake hata mahali pa juu, jambo linaloifaa Hanang, ila injini yake hupata joto zaidi, huchosha silinda mapema na hudai rubani mwenye mkono mwepesi kwenye mafuta.

Umri nao si jambo la kupuuza. Kampuni ya Cessna ilisimamisha utengenezaji wa ndege zake za injini ya pistoni mwaka 1986 kutokana na mzigo wa kesi za madai Marekani. Baada ya sheria ya mwaka 1994 kupunguza mzigo huo, 172 ilirudi kiwandani mwaka 1996 na 206 mwaka 1998. Kwa hiyo 206 iliyotumika ama ni ya kabla ya 1987, na imekaribia au kupita miaka 40, ama ni ya baada ya 1998 na bei yake inalingana na ujana huo.

Bei ya tangazo na bei ya kweli

Injini ya Continental IO-520, inayopatikana kwenye 206 nyingi za zamani, imepangiwa na mtengenezaji saa 1,700 kabla ya kufumuliwa na kusukwa upya, au miaka 12, lolote litakalotangulia. Kwa mmiliki binafsi nchi nyingi huacha uamuzi kwake na kwa mhandisi. Kwa ndege inayobeba abiria wa kulipia, ukomo huo kwa kawaida huchukuliwa kama sharti.

Chukua mfano wa ndege mbili zinazofanana kwa yote isipokuwa injini. Ya kwanza inauzwa Dola 170,000 na injini yake imeruka saa 1,500. Ya pili inauzwa Dola 205,000, injini saa 300. Kusuka upya injini ya aina hii, pamoja na kuitoa na kuirudisha, kuwe Dola 60,000. Ndege ya kwanza inakuja na deni la saa lililokwishaliwa la karibu Dola 53,000. Ya pili ina deni la Dola 10,600. Jumlisha: ya kwanza ni Dola 223,000, ya pili Dola 215,600. Iliyoonekana rahisi kwa Dola 35,000 ni ghali kwa zaidi ya Dola 7,000, na mwenye nayo atalipa deni lake ndani ya saa 200 tu za kuruka.

Saa chache nazo zina uongo wake. Injini iliyoruka saa 300 katika miaka 15 huenda imelala zaidi kuliko ilivyofanya kazi. Oili hushuka, unyevu huingia, na kutu huanza kula vyuma vya ndani vinavyopaswa kung'aa. Ndege iliyolala Zanzibar au Florida, jirani na chumvi ya bahari, na iliyolala Arizona kwenye ukavu, si ndege moja hata kama zilitoka kiwandani siku moja. Mnunuzi makini huuliza imeruka saa ngapi kila mwaka, si jumla pekee.

Yupo pia muuzaji wa ndege zilizonyunyizia dawa. Hizi huvutia mkulima kwa sababu vifaa vya kunyunyizia vimo tayari. Lakini dawa ni sumu kwa bati la ndege kama ilivyo kwa wadudu, na kazi ya kushuka na kupanda ghafla mwisho wa kila mstari wa shamba huchosha mabawa. Ndege ya namna hiyo isinunuliwe kwa picha.

Uchovu wa chuma si hadithi. Mei 2019 Cessna 210 iliyokuwa ikifanya kazi ya upimaji karibu na Mount Isa, Australia, ilikatika bawa angani na wote wawili waliokuwamo wakafa. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye kikono cha kati kinachobeba mabawa. Mwaka 2020 mamlaka ya Marekani iliagiza ndege za 210 na 177 za muundo huo zikaguliwe kwa vifaa vya umeme vinavyoona ufa usioonekana kwa macho. Cessna 206 ina mhimili wa nje unaoshika bawa, hivyo muundo wake ni tofauti, lakini nayo ina orodha yake ndefu ya ukaguzi wa ziada ambayo Cessna iliitoa kwa ajili ya ndege zilizozeeka. Anayeuza bila kuonyesha kwamba orodha hiyo ilifuatwa anamwuzia mwenzake bili.

Nyaraka, kwa maneno mengine, ni sehemu ya ndege. Vitabu vya injini, propela na bodi vikikosekana, thamani hushuka sana, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kipuri kipi ni halali na kipi kilitoka gizani. Kwa ndege iliyosajiliwa Marekani, kumbukumbu za umiliki na madeni ziko kwenye masjala ya Oklahoma City na zinaweza kuombwa. Fundi wa kukagua kabla ya malipo anapaswa awe wa mnunuzi, asiyefanya kazi kwa muuzaji, na apewe siku za kutosha kufungua vifuniko, kupima mgandamizo wa silinda na kuchungulia ndani yake kwa kamera. Ikipita hapo ndipo ije habari ya kuifungua mabawa na kuipakia kwenye kontena, kufutwa kwenye usajili wa zamani, na kuombewa herufi za 5H kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA.

Saa mia moja au mia nne

Ikishafika, ndege huanza kula hata ikiwa imelala. Chukua mfano mwingine, kwa namba za kukadiria ambazo kila mtu anaweza kubadilisha kwa zake. Ndege ya Dola 200,000: bima Dola 8,000 kwa mwaka, ukaguzi wa mwaka na vipuri Dola 12,000, maegesho na vibali Dola 5,000, rubani Dola 24,000, na asilimia 10 ya mtaji, Dola 20,000, ambayo fedha hiyo ingezaa kwingine au ambayo benki itaidai. Jumla ni Dola 69,000 kabla propela haijazunguka.

Kila saa ya kuruka nayo ina gharama yake. Lita 60 za mafuta kwa Dola 2.5 ni Dola 150. Akiba ya kusuka injini, Dola 60,000 ukigawa kwa saa 1,700, ni Dola 35. Oili, matairi, propela na ukaguzi wa kila saa 100 uwe Dola 50. Ni Dola 235.

Ikiruka saa 100 kwa mwaka, kila saa inagharimu Dola 925. Ikiruka saa 400, ni Dola 407.50. Ndege ni ileile, rubani ni yuleyule.

Kutoka Katesh hadi Arusha ni kama kilomita 190 kwa mstari wa ndege, dakika 50 hivi kwa 206. Kwenda na kurudi, pamoja na kupasha injini na kusubiri, hesabu saa mbili. Kwa mmiliki wa saa 100 safari hiyo ni Dola 1,850, au zaidi ya Sh. milioni 4.6 ukibadilisha kwa Sh. 2,500. Kwa mwenye saa 400 ni kama Sh. milioni 2. Tangu barabara ya Minjingu, Babati hadi Singida iwekwe lami, gari linafika kwa nusu siku kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Wanaoota kusafirisha vitunguu saumu vya Mbulu kwa ndege wapige hesabu hiyo mara moja tu. Ukipakia kilo 300, na kwa joto la Hanang usijaribu kuzidisha sana, hata kwa bei ya mwenye saa 400 kila kilo imebeba karibu Sh. 6,800 za usafiri. Hakuna kitunguu cha namna hiyo.

Kinacholipa ni kile ambacho kuchelewa kwake kuna bei: damu, chanjo, mama aliyekwama katika uzazi, au kipuri cha mashine ya kuvunia iliyosimama wakati ngano imekauka na mawingu yanakusanyika. Tatizo ni kwamba dharura hizi hazijazi saa 400. Hospitali moja haizijazi, wala shamba moja. Ndiyo maana ndege zilizodumu kwenye kazi hii kaskazini mwa Tanzania ni za mashirika yanayohudumia vituo vingi kutoka kambi moja yenye mafundi, na si za kituo kimoja.

Hapo pia ndipo zawadi inapogeuka mzigo. Marafiki wa nje wakitoa ndege kwa hospitali wanatoa Dola 200,000 mara moja, halafu hospitali inatoa Dola 69,000 kila mwaka. Kwa fedha hizo, hospitali iliyo na barabara ya kupitika inaweza kuendesha magari ya wagonjwa na bado ikakodi ndege siku ambazo barabara imekatika.

Umbali kutoka kwa fundi ni gharama isiyoonekana kwenye jedwali. Karakana zilizoidhinishwa ziko Arusha, Dar es Salaam au Wilson, Nairobi. Ukaguzi wa saa 100 unakula karibu saa mbili za safari. Ndege ikiharibika ikiwa Katesh, fundi na kipuri ndivyo vitakavyoifuata, na silinda ya Continental inaanzia Mobile, Alabama.

Maboresho yanayolipa na yasiyolipa

Wenye ndege hupenda kuongeza vioo vya kisasa kwenye dashibodi. Vinapendeza, na ramani ya setilaiti ni msaada wa kweli kwenye mawingu ya Hanang, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Lakini kwa viwanja vya vumbi, shilingi ya kwanza iende chini: matairi makubwa, kukagua uma wa gurudumu la mbele na ukuta wa injini ambao kwa 206 hukunjamana zikitua vibaya, chujio la hewa, na propela inayolindwa dhidi ya kokoto. Shilingi ya pili iende kwenye mabawa, kwa vifaa vinavyopunguza kasi ya kuruka na kutua. Kila badiliko liwe na cheti chake cha nyongeza, vinginevyo ndege haitapata hati ya kuruka.

Kipo kifaa kimoja cha lazima kinachosahaulika kwenye ndege za zamani, redio ya kuita msaada ndege inapoanguka. Zile za masafa ya 121.5 hazisikilizwi tena na setilaiti tangu Februari 1, 2009. Ndege yenye redio hiyo pekee ikianguka bonde la Yaeda, itategemea rubani mwingine apite karibu akiwa ameiwashia masafa hayo.

Swali zito la miaka ijayo ni mafuta. Injini za pistoni zinatumia petroli ya ndege, Avgas 100LL, ambayo ina madini ya risasi. Vijijini haipatikani, na hata kwenye viwanja vikubwa upatikanaji wake si wa uhakika kama wa Jet A-1 inayotumiwa na ndege kubwa. Kiongezi chenye risasi, kwa nchi za Magharibi, hutengenezwa na kiwanda kimoja tu, Ellesmere Port nchini Uingereza. Oktoba 2023 Marekani ilitamka rasmi kwamba risasi ya mafuta hayo inahatarisha afya, na sheria yake ya 2024 inavilazimisha viwanja kuendelea kuyauza hadi mwisho wa 2030 au mpaka mbadala upatikane. Umoja wa Ulaya ulifanya Mei 1, 2025 kuwa mwisho wa kutumia kiongezi hicho bila kibali maalumu. Anayenunua leo injini ya kusukwa upya kwa matumaini ya miaka 12 ananunua pia swali la nini atatia kwenye tangi mwaka wa nane.

Wapo wanaokimbilia injini za dizeli zinazokunywa Jet A-1, ambazo kwa Cessna 172 zipo na zina vyeti. Zinaokoa mafuta sana. Ila injini hizo zikimaliza saa zake hazisukwi upya. Hutolewa na kuwekwa nyingine. Na wamiliki wanakumbuka mwaka 2008, kampuni ya Ujerumani ya Thielert ilipofilisika na dhamana zao zikafutwa. Cessna Caravan, yenye injini ya tabo inayotumia Jet A-1, ndiyo inayotawala viwanja vya mbuga, lakini kuifanyia injini yake matengenezo makubwa kunaweza kugharimu zaidi ya bei ya 206 nzima.

Kuhusu kwelea kwelea, mkulima wa Basotu hana haja ya kuwa na ndege. Kazi hiyo ni ya umma kwa asili yake, kwa sababu kundi linalolala kwa jirani hula kwako kesho yake. Tanzania ni mwanachama wa DLCO-EA, shirika la nchi za Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1962 kupambana na nzige wa jangwani, ambalo pia hunyunyizia kwelea kwelea na viwavijeshi kwa ndege zake. Udhibiti wa visumbufu nchini uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Nzige walipoingia Simanjiro na Longido mwanzoni mwa 2021, ilionekana jinsi ambavyo muda wa kuita ndege ni sehemu ya hasara.

Kwa maeneo madogo, ndege zisizo na rubani zimebadilisha hesabu. Zile kubwa za kilimo hubeba lita 40 hivi za dawa, hazihitaji kiwanja wala Avgas, na zikianguka hazina mtu ndani. Zinahitaji kibali cha TCAA na mtu aliyefunzwa, na betri zake huisha upesi, lakini chama cha ushirika kinaweza kumiliki moja na kuitumia kwa magugu na kutu ya ngano pia.

Kwa kazi nyingine, njia iliyo wazi kwa Hanang na Mbulu ni mkataba wa saa. Hospitali, halmashauri mbili, na wakulima wakubwa wa ngano wakijumlisha saa zao, wanaweza kuzipeleka kwa mwenye ndege wa Arusha kama mteja mmoja: saa 60 au 80 kwa mwaka zilizolipiwa mapema, kwa sharti kwamba ndege ifike ndani ya muda uliokubaliwa, na kwamba kiwanja kiwekewe uzio wa kuzuia ng'ombe na kikatwe nyasi kabla ya mvua za Novemba. Uzio na nyasi hizo ziwe jukumu la halmashauri, ziandikwe kwenye bajeti ya mwaka, kwa kuwa mwenye bima ya ndege ataziulizia kabla ya kukubali bei.